Karatasi Iliyokwenda Gasorwe

Nimerudisha vitu vya serikali: pikipiki, mhuri, pedi ya wino, na mkoba wa ngozi ambao kishikio chake nimekishona mwenyewe mara tatu. Karani aliyevipokea aliandika kwamba mkoba umechakaa. Nilitaka kumwambia aniongeze na mimi kwenye mstari huo huo, lakini nyuma yangu kulikuwa na watu wanasubiri. Nilipofika nyumbani nikakumbuka kwamba ninyi wawili mlioajiriwa mwaka huu mliniomba niwaandikie jinsi ya kufanya kazi hii ya kupeleka hati za mahakama. Vyeo na mishahara naviacha, kwa sababu ni habari fupi na hazifurahishi. Nitaandika yale niliyojifunza kwa miguu, na moja nililojifunza kwa aibu.

Nilikulia Tanzania, upande wa Kigoma, kwenye makazi ya wakimbizi, nikarudi Burundi nikiwa mtu mzima mwenye mke na watoto wawili. Kirundi changu kilikuwa cha jikoni kwa mama: kilitosha kuomba chakula, hakikutosha kusoma amri ya hakimu mbele ya watu wa kilima kizima, yaani kijiji kizima. Siku ya kwanza kazini hapa Gitega wenzangu walinisikia nikisalimia, wakanibatiza jina la Radio, kwa sababu walisema naongea Kiswahili kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Jina hilo lilinikaa kwa miaka mingi. Mpaka mtoto wangu wa tatu alidhani ndilo jina la ukoo.

Aliyenifundisha kazi aliitwa mzee Barnabé. Alikuwa mfupi, mwenye hasira za karibu, na hakuna siku aliyokwenda kilimani bila viatu viwili: buti za mpira miguuni, na viatu vya ngozi vilivyong'arishwa ndani ya mfuko wa plastiki. Akikaribia nyumba alikaa kwenye jiwe, akabadilisha. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema mtu anayeletewa habari mbaya ana haki ya kuletewa na mtu aliyevaa vizuri. Nimefanya hivyo hivyo mpaka juzi, na mke wangu ndiye aliyeumia kwa kununua rangi ya viatu.

Safari yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa Gishubi. Mkulima mmoja alinikaribisha kwa heshima zote, akanipa bia ya ndizi, akanitambulisha kwa majirani, tukacheka kuhusu Kirundi changu. Nilipotoa karatasi, ilikuwa ya kumwita mahakamani kwa shamba la kaka yake. Alinitazama kama mwizi aliyekula kwanza ndipo akaiba. Nilimsimulia Barnabé, naye hakucheka hata kidogo. Alisema, "We Radio, sikiliza. Kwanza papier, ile karatasi, alors bia baadaye, kama watakupa. Na ile hati yako ya kurudisha, andika kitu uliona na macho. Usiandike kitu ulitaka kuona."

Hati ya kurudisha mnaijua, ila niieleze kwa yeyote mwingine atakayesoma. Kila tunapopeleka amri, tunarudi na karatasi moja ndogo yenye visanduku vitatu. Cha kwanza kinasema mhusika amepokea mwenyewe, mkononi. Cha pili kinasema amepokea ndugu anayeishi naye nyumba moja, na jina lake liandikwe. Cha tatu kinasema hakuna aliyepatikana, hivyo karatasi imeachwa kwa mkuu wa kilima. Unaweka alama kwenye kimoja, unaandika tarehe na saa, unatia sahihi. Ni kazi ya dakika moja, na kwa dakika hiyo moja unaweza kumfungia mtu mlango.

Sasa niwaeleze mlango wenyewe, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi hukosea wanapoulizwa na watu njiani. Katika kesi za kazini, kati ya mfanyabiashara na mtu wake, hakimu anaweza kutoa amri ya muda kabla kesi yenyewe haijaamuliwa: usiuze, usihame na wateja, usimfukuze kwanza, usishone. Watu hudhani amri ya muda haikatiwi rufaa kwa sababu ni ya muda. Si kweli, lakini si kila moja. Ile inayosogeza tu kesi mbele, kama kuahirisha au kuita shahidi, hiyo subiri hukumu ya mwisho. Ile iliyotolewa bila wewe kuitwa, unarudi kwanza kwa hakimu yule yule na pingamizi, akusikie. Lakini ile iliyotolewa baada ya pande zote mbili kusikilizwa, na inayokuzuia jambo leo hii, hiyo unaweza kuipeleka mahakama ya juu. Ila siku ni chache, na zinahesabiwa tangu amri ilipofika mkononi mwako. Na hata ukikata rufaa, amri inaendelea kukubana mpaka mahakama ya juu iseme vingine. Kwa hiyo kila kitu kinategemea siku ile, na siku ile anaiandika huissier. Yaani mimi, na sasa ninyi.

Kwa sababu ya Kiswahili changu, baada ya miaka michache walinipa Muyinga. Nilifurahi sana. Kule mjini, mitaa ya Waislamu, watu wanafanya biashara na ufundi, wanaongea Kiswahili tangu asubuhi, na barabara inakwenda Tanzania nilikokulia. Cha kwao kina Kirundi na Kifaransa ndani yake na changu kina redio, lakini tulielewana. Nilikuwa naingia kwenye maduka ya vitambaa na karakana za mafundi kama mtu wa nyumbani. Niliwaambia wenzangu wa Gitega kwamba Muyinga naijua kama mfuko wangu. Nilijua lugha ya watu, nikadhani nimewajua na watu wenyewe, na ujinga huo ndio uliozaa haya yanayofuata.

Miaka michache kabla sijastaafu, kulikuwa na kesi ya mama mmoja fundi cherehani. Nitamwita Mama Zaituni. Alikuwa mkata nguo mkuu kwenye karakana ya tajiri mmoja anayeshona sare za shule, khaki za wadogo na za sekondari. Mumewe alipougua, aliomba ruhusa ya kumuuguza, akakataliwa kwa sababu msimu ulikuwa unakaribia. Akaacha kazi, akaweka cherehani yake chumbani karibu na kitanda cha mgonjwa, akaanza kushona sare mwenyewe. Shule tatu zilimfuata. Tajiri akaja mahakamani na mkataba ambao mama huyo aliusaini zamani, unaosema akiacha kazi hatashona sare mjini Muyinga kwa miaka miwili. Nisimseme tajiri vibaya kupita kiasi. Yeye ndiye aliyemfundisha kukata, na aliona mkono aliouzoesha unamnyang'anya wateja.

Walisikilizwa wote wawili Gitega. Mama Zaituni alikuja, akajieleza, akarudi kwa mgonjwa wake. Baada ya wiki mbili hakimu alitoa amri ya muda: asishone wala kuuza sare mpaka kesi ya mkataba iamuliwe. Shule zilikuwa zifunguliwe baada ya miezi mitatu, na kesi yenyewe ingechukua muda zaidi ya huo. Kwa hiyo amri ile ya muda ndiyo ilikuwa hukumu kwake. Asipoikatia rufaa mapema, msimu umekwenda, na shule zake zimekwenda.

Niliibeba mimi. Nilipofika mtaani kwake niliona viti vya kukodi vimepangwa nje na wanaume wamekaa kimya. Mumewe alikuwa amekufa siku kumi kabla. Nilibadilisha viatu nikiwa nimekaa pembeni, nikatamani nisingekuwa na kitu cha kupeleka. Mwanaume mmoja alinyanyuka kunipokea. Alijitambulisha kuwa Shabani, mdogo wa marehemu. Nilimwambia nina karatasi ya shemeji yake. Akaniambia kwa upole kwamba shemeji yuko eda. Mnajua eda: mjane wa Kiislamu anakaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki bila dharura. Mimi nilijua neno hilo tangu Kigoma. Na kwa kuwa nilijua neno, sikuuliza lolote zaidi. Niliamua kichwani mwangu kwamba mwanamke wa eda haonwi na mwanaume mgeni, hasemeshwi, haletewi karatasi, na kwamba mimi ni mstaarabu kwa kulielewa hilo bila kuelezwa.

Shabani aliniambia nimpe yeye, atamfikishia. Nilimpa. Akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti lake. Nilipaswa kumuuliza swali moja tu, kama anaishi nyumba ile. Sikuuliza. Ilikuwa karibu saa kumi, gari la kurudi Gitega lilikuwa linajaza, na kama ningeandika kwamba mhusika hakupokea mwenyewe, ilhali yumo ndani, ningelazimika kulala Muyinga na kurudi kesho yake kwenye viti vile vya matanga. Nikiwa ndani ya gari, hati ikiwa juu ya goti, niliweka alama kwenye kisanduku cha kwanza. Amepokea mwenyewe, mkononi. Sikutetemeka. Nawaambia hili kwa makusudi, ili msidhani uongo wa kazini unakuja na kelele.

Shabani alikuwa mkulima na mchuuzi wa Gasorwe, nje ya mji wa Muyinga. Siku tatu baadaye alirudi kwake kwa miguu, na koti lake, na amri ya mahakama ndani ya koti. Hakuwa mtu mbaya. Baadaye alieleza kwamba aliisoma njiani, akaona ni mambo ya kugombana, akasema moyoni shemeji amezika juzi, ngoja moyo upoe. Alingoja arobaini. Mama Zaituni naye alikuwa ndani, anashona khaki usiku na mchana, hajui kwamba kila mshono ni kosa.

Wiki ya sita tangu msiba, tajiri alikuja na polisi na nakala ya amri. Walichukua vitambaa vyote na sare zilizokuwa tayari, wakamwambia ana bahati hawamchukui na yeye kwa kudharau mahakama. Jirani alitumwa Gasorwe siku hiyo hiyo. Shabani alirudi na karatasi yangu, imekunjamana, akalia mlangoni kwa shemeji yake.

Kwa kuwa mjane hakuweza kusafiri, dada yake aitwaye Mariamu alileta rufaa Gitega. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma ofisini, napanga hati za wiki. Karani alifungua faili, akageuza kurasa, akamwambia kwamba amechelewa sana, kwa sababu amri ilipokelewa mkononi na siku zimeisha zamani. Ataipokea barua, lakini ataandika juu yake kwamba imechelewa, na mahakama ya juu haitaifungua. Mariamu alisema dada yake hajawahi kumwona huissier yeyote, hata mlangoni. Karani hakuwa na ubaya. Alinyoosha kidole kwangu akasema, "Yuko pale. Muulize mwenyewe."

Yule mwanamke aligeuka. Alikuwa amefunga safari tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye kope. Akaniuliza, "Papa, ni we ulimupa dada papier?"

Nilimwambia nitaangalia kwenye daftari.

Ndivyo nilivyojibu. Nimekuwa nikiyasikia maneno hayo kwenye masikio yangu miaka yote hii, na nadhani nitayasikia siku nikilala kitandani nikisubiri padre. Alishukuru, akasema murakoze, akatoka. Alinishukuru.

Nilikaa siku tatu bila kusema. Siku ya kwanza nilijiambia kwamba mahakama ya juu itaona yenyewe. Siku ya pili nilijiambia kwamba kosa ni la Shabani. Siku ya tatu nilikwenda kufundisha kijana mmoja kujaza hati ya kurudisha, nikajisikia nikimwambia aandike alichokiona kwa macho, kwa sauti ya Barnabé kabisa, na mzee huyo alikuwa amekwisha kuzikwa. Niliacha sentensi katikati. Nikatoka, nikavuka uwanja, nikagonga kwa rais wa mahakama yetu.

Alikuwa mama mwenye maneno machache. Nilimweleza yote, na gari, na goti, na kisanduku. Aliniacha nimalize, halafu akachukua karatasi tupu akaisukuma upande wangu.

"Bwana Sezari," alisema, "unajua unakwenda kusaini nini?"

Nilimjibu kwamba najua. Niliandika kwamba hati ile ilikuwa ya uongo, kwamba mhusika hakupewa, kwamba aliyepewa alikuwa anaishi Gasorwe na si ndani ya nyumba ile, hivyo hata kisanduku cha pili hakikuwa chake. Nilipomaliza nikatia sahihi, nikairudisha upande wake. Aliisoma, akasema kitu kimoja ambacho nawaachia na ninyi: kwamba hakimu anaweza kukosea na kuna mahakama ya juu ya kumrekebisha, lakini huissier akikosea hakuna anayejua ila yeye.

Yaliyonipata mimi baada ya hapo ni marefu na hayana faida kwenu. Nilipelekwa chumba cha nyaraka za zamani kwa muda, nikafahamiana na panya. Nilistahili zaidi. Lililo muhimu ni kwamba wakili wa tajiri alipinga, akasema mjane anajifanya, lakini maandishi yangu yalikuwa mezani na Shabani alithibitisha. Mahakama ya juu ilihesabu siku upya, tangu ile siku mama alipoona amri kwa macho yake, ikaona rufaa imefika ndani ya muda. Ikaifungua. Ikasema amri ile ilimnyima mjane chakula chake kabla mkataba wenyewe haujapimwa, na kwamba tajiri angeweza kulipwa baadaye kama angeshinda kesi, ila yule mama asingeweza kula baadaye. Ikaiondoa amri.

Lakini kati ya hapo kulikuwa na likizo ya mahakama, na siku za kujibu, na siku za kusoma. Hukumu ilipotoka, shule zilikuwa zimefunguliwa wiki tatu.

Niliomba niipeleke mimi. Rais akanipa. Asubuhi nilipoingia Muyinga, watoto walikuwa barabarani wanakwenda shule, makundi kwa makundi, wote na khaki mpya za karakana ya tajiri. Nilikaa kwenye jiwe, nikavua buti, nikavaa viatu vya ngozi. Nililia kidogo pale, sioni haya kuandika. Halafu nikapangusa uso na kwenda.

Mariamu ndiye aliyefungua mlango. Alinitambua. Safari hii sikusema kwamba naelewa. Niliuliza, kama mtu asiyejua kitu: mama yuko eda bado? Akasema bado siku chache. Nikauliza, je, inaruhusiwa nimkabidhi karatasi mwenyewe, na kama inaruhusiwa, inafanywaje? Alinishangaa. Akaita kuelekea ndani. Nyuma yake, mlango wa chumba ulikuwa na pazia la kitambaa cha maua, na pembeni niliona cherehani imefunikwa shuka.

Sauti ilitoka nyuma ya pazia, sauti ya mtu mzima, haina haraka.

"Ni ule muzee wa Gitega?"

Nikasema ndiyo, mama, ni mimi. Nikamwambia nimekuja na hukumu, na kwamba ameshinda, na kwamba nimekuja pia kumwomba msamaha, kwa sababu siku ile nilimpita. Nikamweleza nilivyodhani: kwamba mtu wa eda hasemeshwi, na kwamba nilitaka kumheshimu. Gari sikulitaja kwanza. Halafu nikalitaja.

Nje watoto walikuwa wanapita.

"Mi nilikuwa mu eda, muzee," akasema. "Sikuwa mu kaburi. Ungeniita tu."

Pazia lilisogea kidogo, na mkono ukatoka: bila pete, bila hina, kucha fupi, kidole cha kati kina alama ngumu ya kusukuma sindano. Mkono ulikaa hewani, wazi, unasubiri. Kumbe ni jambo la upana wa kiganja. Niliweka karatasi juu yake, nikaona vidole vinafunga.

Nilitoa hati ya kurudisha, nikaiweka juu ya mkoba, nikaweka alama kwenye kisanduku cha kwanza. Nilikuwa naanza kutia sahihi aliposema tena, kutoka ndani.

"Uandike tarehe ya leo, muzee. Na saa pia uandike."

Nilitazama saa yangu, nikaandika.